Datsun 240Z kisiwani: niliyojifunza nikiitengeneza nyumbani Unguja

Wengi wanaonunua gari la spoti la zamani huanzia kwenye injini, kwa sababu injini ndiyo inayosikika, ndiyo inayosifiwa barazani, na ndiyo inayompa mtu raha ya haraka pale inapowaka. Kwa sisi wa visiwani mpangilio huo una hasara kubwa. Nimetengeneza Datsun 240Z ya mwaka 1972 uani kwetu Fuoni, kazi iliyoanza wakati wa kaskazi, ikapita masika na kipupwe, ikaingia vuli na kuendelea mwaka uliofuata, na katika muda wote huo injini ilinisumbua kidogo kuliko sehemu nyingine zote. Fedha, usingizi na ngozi ya vidole vyangu vilichukuliwa na kutu. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliyekwisha kuliona gari la aina hii limefunikwa turubai chini ya mwembe na akaanza kuhesabu akiba yake, ili ajue aanzie wapi na asiguse nini kabla ya wakati wake.

240Z ilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1973, kisha ikafuatiwa na 260Z. Ni gari la siti mbili, lenye injini ya L24 ya silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Afrika Mashariki haikulijua kwa picha tu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa pamoja na Lofty Drews, baada ya kufungana alama na Harry Källström aliyekuwa akiendesha Datsun nyingine. Habari hizo ni tamu, lakini kilichonipa ujasiri wa kununua ni jambo la kifundi. L24 ni ndugu wa L16, injini ya silinda 4 ya Datsun 1600 iliyoshinda Safari ya mwaka 1970. Katika injini zote mbili kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, waliobuni L24 waliongeza silinda mbili. Roka za valvu na pampu ya oili huingiliana ndani ya ukoo huo, pamoja na L18 na L20B zilizofungwa kwenye magari ya kawaida na pikapu.

Kwa hiyo usiende dukani ukauliza spea za 240Z, kwani muuzaji atakujibu kuwa hazipo, na hatakuwa amekudanganya. Nenda na kifaa chenyewe mkononi kikiwa kimesafishwa, ulizia spea za Datsun ya zamani, kisha pima mwenyewe. Vitu vingi vidogo vya injini nilivipata Dar es Salaam kwa njia hiyo, vikavuka kwa boti hadi bandari ya Malindi hapa Unguja ndani ya mfuko wa mtu aliyekuwa anakuja kwa shughuli zake. Vilivyonilazimu kuagiza ng'ambo ni vya bodi, vya miguu ya nyuma, na raba za milango.

Gari nililolinunua lilikuwa limekaa miaka mingi kwenye banda la wazi upande wa Bububu, karibu na pwani. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa na siti hazikuchanika. Mwenyewe alikuwa muungwana na hakunificha alichokijua. Nilikwenda na ami yangu, ambaye ujana wake wote aliutumia kutengeneza malori, na nilipokuwa ninazunguka gari nikishangaa umbo lake, akaniambia, "Mwanangu, rangi waachie wapiga picha. Wewe lala chini." Tukalala chini na bisibisi na sumaku ndogo niliyoizungushia kitambaa ili isikwaruze.

Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu, vizingiti vya milango na zile reli mbili za bati zinazopita chini ya sakafu zikiliwa na kutu, gari zima hulegea hata kama linang'aa juu. Sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi kuna puti. Bisibisi ikizama kwa kusukumwa na mkono tu, bati limekwisha. Kagua trei ya betri, ambapo asidi na unyevu hula kwa pamoja, kagua pembe za bodi nyuma ya milango, kagua bati linalopokea kufuli la mlango wa nyuma. Kisha fungua grili iliyo chini ya kioo cha mbele, panapoingia hewa. Ndani yake kuna njia ya kutolea maji ambayo watu huisahau. Katika gari langu majani ya mwarobaini yalikuwa yamerundikana humo mpaka yakageuka udongo mweusi, mbichi, wenye mizizi ya nyasi, na maji ya masika ya miaka yote hiyo, yakiwa yamekosa pa kutokea, yaliteremka ndani na kukaa chini ya zulia. Nilipolinyanyua zulia la upande wa abiria niliuona mchanga wa ua wa yule bwana kupitia sakafuni. Ugunduzi huo ulipunguza bei kwa kiasi kikubwa, na bado bati na kuchomelea vilinigharimu zaidi ya nilichotoa kununua gari lenyewe. Anayenunua gari la aina hii na aweke akiba ya bodi peke yake, asiichanganye na ya injini, kwa maana fedha za bodi huisha kwanza.

Kuchomelea sikukufanya mwenyewe. Nilitafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, kwani bati la gari hili ni jembamba na mashine ya vijiti hulitoboa badala ya kuliunganisha. Mafundi wawili niliowaendea mwanzo walitaka kubandika bati jipya juu ya bati bovu, kazi ya siku moja na rahisi kwa bei. Nawasihi wasomaji mkatae. Kutu iliyofunikwa haifi. Inaendelea kula kati ya mabati mawili, na hewa yetu ya chumvi inaisaidia. Fundi wa tatu alikubali kukata hadi kwenye bati zima, na masharti tuliyowekeana ni haya ambayo mtu yeyote anaweza kuyadai: betri, zulia, tangi na mabomba ya petroli vitoke kabla ya cheche ya kwanza, gari litegemezwe sawasawa ili bodi isipinde, nafasi kati ya mlango na bodi ipimwe kabla, ipimwe wakati wa kazi, na ipimwe baada, kwa sababu kizingiti kikikatwa bodi huweza kujikunja kidogo na mlango ukakataa kufunga milele. Kila upande umalizwe kabla wa pili haujakatwa. Ndani ya vizingiti tulipuliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyokuwepo, na matundu ya kutolea maji tukayazibua kwa waya. Kazi hiyo haionekani kabisa kwa atazamaye gari, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Baada ya bodi zikaja bolti. Kifundi, 240Z ni gari rahisi. Spana za milimita 10, 12, 14, 17 na 19 hufungua karibu kila kitu, na kila kitu kinafikika kwa mkono. Lakini bolti iliyokaa miaka hamsini kwenye hewa ya bahari haifunguliwi kwa nguvu. Nilizoea kupiga brashi ya waya kwanza, kisha kupaka mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, na kuacha usiku kucha, nikirudia jioni ya pili na ya tatu kwa zile ngumu. Mchanganyiko huo unashika moto haraka na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu, kwa hiyo hutumiwa mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara, na usipashe bolti moto ukiwa umeupaka. Unapojaribu kufungua, kaza kidogo kwanza hadi usikie imeachia, ndipo ufungue. Ikigoma katikati, irudishe nyuma nusu mzunguko, ongeza oili, endelea. Soketi iwe ya pembe sita, kwani ile ya pembe kumi na mbili hula kichwa cha bolti iliyokwisha kulika. Na kila bolti inayotoka irudi kwenye tundu lake au iingie ndani ya mfuko wenye jina lake. Kazi ya uani husimama kwa mvua, kwa misiba, kwa Ramadhani na kwa ukosefu wa fedha, na mwenye kutegemea kumbukumbu akirudi baada ya miezi miwili hatajua kipi kilitoka wapi.

Nilisema miguu ya nyuma iliagiziwa vitu ng'ambo. Hapo ndipo penye mtihani mkubwa wa gari hili, na mtu asiyeujua anaweza kuharibu vitu vya bei kubwa katika mchana mmoja. Kila upande wa nyuma, chini ya pande la chuma linalobeba beringi za gurudumu na shokapu, inapita pini ndefu ya chuma inayoliunganisha pande hilo na mkono wa chini. Ncha zake zote mbili zina meno na nati, na pembeni mwake zimo bushi za mpira. Bushi hizo zikichakaa, nyuma ya gari huyumba kwenye kona, na za gari langu zilikuwa zimepasuka zote. Kubadilisha bushi ni lazima utoe pini, na pini hiyo ndani ya tundu lake hushikwa na kutu kiasi kwamba pini na pande huwa kama chuma kimoja.

Katikati ya pini, upande wa pembeni, kuna kipini kidogo chenye nati kinachoifunga isizunguke wala isitoke. Hicho ndicho hutoka kwanza. Katika upande wa kushoto wa gari langu fundi fulani wa zamani alipiga nyundo ncha ya pini bila ya kukitoa, na matokeo yake ncha ilivimba, meno yakalala, na kipini kidogo kikajikaba zaidi. Upande wa kulia ambao haukuguswa ulitoka kwa subira. Nilipaka oili kila jioni, nikapasha pande moto kwa gesi huku nimekwisha kuondoa kila chenye petroli na ndoo za mchanga na maji ziko karibu, kisha nikaivuta pini kwa kuikazia nati dhidi ya kipande cha bomba nene, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ilianza kutembea kwa mlio mkavu, ikasimama, ikatembea tena, na ilipotoka nusu nilikaa chini kwenye mchanga kwa furaha.

Upande wa kushoto haukukubali. Ami aliutazama, akapitisha kidole gumba juu ya meno yaliyolala, akasema pini hiyo tusiipige nyundo nyingine hata moja. Tulikata pini kwa gurudumu jembamba la kukatia, pande zote mbili, katika nafasi ndogo iliyopo kati ya mkono wa chini na pande la chuma, tukautoa mguu mzima na kuupeleka kwenye karakana ya mjini yenye presi ya tani 20. Hata presi ilitulia muda mrefu kabla ya pini kuachia. Ningekuwa nashauri mtu leo, ningemwambia asijitese: kipini kidogo kikitoka na pini ikakataa baada ya siku kadhaa za oili na moto, aikate na kwenda kwenye presi, kwani pini mpya inanunulika lakini lile pande likipasuka ni shida kubwa kulipata. Pini mbili, bushi na usafirishaji vilipita shilingi milioni moja. Fundi mkerezaji mmoja alijitolea kunichongea pini kwa sehemu ndogo ya bei hiyo kutokana na nondo ya chuma laini. Nilimshukuru nikakataa. Kifaa kinachoshika gurudumu gari likiwa mwendoni hakichongwi kutokana na chuma usichojua asili yake. Wakati wa kurudisha, pini ipakwe girisi kwa urefu wake wote, na nati za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi. Ukizikaza likiwa limenyanyuliwa, mpira wa bushi hubaki umejisokota na hukatika mapema.

Breki nilizifungua zote bila kujali zilivyoonekana. Mbele ni disiki, nyuma ni dramu. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na hewa yetu haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo gari lililokaa huwa na kutu ndani ya masta silinda na ndani ya silinda za magurudumu hata kama pedali inarudi vizuri. Raba zake zipakwe mafuta ya breki peke yake wakati wa kufunga. Oili ya injini huzivimbisha. Wapo wanaofunga kalipa za pistoni 4 za Toyota Hilux 4x4 za mwaka 1979 hadi 1985, kwa kuwa mashimo yake hulingana na ya 240Z na disiki hubaki ile ile, isipokuwa ngao ya vumbi iliyo nyuma ya disiki hukatwa au hukunjwa. Hilux hazikosekani kwetu, na nilivutiwa. Nilibaki na za asili kwa sababu zilikuwa bado nzima na sikutaka kubadilisha uwiano wa breki za mbele na nyuma kabla sijalijua gari. Kwa mwenye kalipa zilizooza, njia hiyo ipo.

Ndipo nikafika kwenye injini. Gasketi ya hedi ilikuwa inapitisha maji, na hedi ya L24 ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, hivyo joto likizidi hupinda. Kabla ya kugusa bolti yoyote ya hedi yapo mambo mawili ambayo hayana mjadala. Zungusha injini mpaka pistoni ya kwanza iwe juu kabisa katika mkandamizo, kisha tia alama ya rangi nyeupe kwenye cheni ya taimingi na kwenye gia ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu), jino kwa jino. Pili, andaa kabari ya mti. Cheni inasukumwa na kikazio kilicho chini, ndani ya kifuniko cha mbele, na ukiitoa gia ya kemshafti bila ya kuibana cheni, kikazio huruka nje ya mahali pake, nawe unalazimika kufungua mbele yote ya injini ili ukirudishe. Ami alinichongea kabari kutokana na mvinje mkavu, urefu wa shubiri moja na zaidi, nene juu na nyembamba chini, akaitoboa tundu kwenye kichwa na kuitia waya. Niliishusha taratibu kati ya pande mbili za cheni, nikaigonga kwa ubapa wa mkono mpaka ikabana, na waya nikaufunga kwenye boneti ili kabari isije ikazama. Cheni haikusogea hata kidogo kwa muda wote hedi ilipokuwa karakana ikisawazishwa. Bado ninayo kabari hiyo kwenye sanduku la vifaa, na wawili wamekwisha kuiazima.

Bolti za hedi hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Safisha vichwa vyake kwa msumari na upulize kabla ya kuingiza ufunguo, kwani uchafu ukizuia ufunguo kuzama, tundu hulika na bolti hiyo utaitoa kwa keekee. Unapofunga, anzia katikati ukienda nje kwa zamu, kwa hatua, kwa spana ya kupimia mkazo. Spana hiyo si ya anasa. Kama huna, azima. Baada ya hapo ni kurekebisha valvu, kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye gari hili. Kwa injini iliyopoa, nafasi ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia na 0.25 kwa za kutolea. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Fila geji hupita kati ya kemshafti na roka, nati ya kufungia ni ya 17 na ya kurekebishia ni ya 14. Geji inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, isiteleze wala isilazimishwe, kisha upime tena baada ya kukaza nati, kwa sababu kukaza kwenyewe hubadilisha nafasi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

Kabureta ni mbili, za Hitachi, zenye pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kuba. Kila pistoni imetengenezwa pamoja na kuba lake, kwa hiyo ya mbele isichanganywe na ya nyuma wakati wa kuosha. Anza kwa kushusha nati ya chini mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa, tia oili nyepesi kwenye bomba la katikati, kisha zilinganishe. Mimi nilitumia kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nikisikiliza mvumo wa hewa upande huu na ule, nikigusa skrubu kidogo kidogo mpaka sauti mbili zikawa moja. Usitarajie kabureta zitulie kabla ya valvu na pointi za kuwashia cheche kuwa sawa. Ukianza na kabureta utazungusha skrubu wiki nzima ukitafuta kosa lililo kwingine.

Umeme una hatari mbili ambazo mwenye gari hili azijue kabla hajaliendesha usiku. Umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya usukani, na ule wa taa ndogo hupasha sanduku la fyuzi mpaka plastiki huyeyuka. Langu lilikuwa na alama ya kahawia pale pale. Nilifunga relei za kawaida za pini nne, za bei ndogo, zinazopatikana Darajani, ili swichi ipitishe umeme mdogo wa kuamrisha tu. Ya pili ni mita ya ampea iliyo mbele ya dereva: umeme wa kuchaji betri hupita ndani yake, na waya zake nene zikilegea nyuma ya dashibodi huwaka moto. Zikaze, zizibe vizuri, na utie fyuzi kubwa karibu na betri.

Nisifiche kwamba ziko nyakati nilikata tamaa. Kuna kipindi gari lilikuwa juu ya vigogo bila miguu ya nyuma, hedi iko karakana, fedha zimekwisha, na Ramadhani iko mlangoni. Mke wangu hakunilaumu, ila alitaka ua wake kwa ajili ya jamaa waliokuwa wanakuja kufuturu, na ilikuwa haki yake. Tulilisukuma kando kwa msaada wa vijana wa mtaani, tukalifunika, na mwezi mzima sikuligusa. Mapumziko hayo yalinifaa: nilirudi na orodha ya kazi iliyoandikwa kwa mfuatano, na kila kazi ilikuwa na bei yake mbele. Naona orodha hiyo ingetakiwa iwepo kabla ya spana ya kwanza, kwani gari lililofunguliwa sehemu moja moja husonga mbele, na lililofunguliwa lote kwa pamoja huishia kuuzwa vipande vipande.

Siku ya kwanza kwenda mbali nilikwenda hadi Tunguu. Lilivuta vizuri, joto likasimama katikati ya mita, na breki zilishika sawa. Wakati wa kurudi nilikwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, mchana wa jua kali, nikazima injini kidogo, na nilipotaka kuwasha ikagoma. Hilo ni jambo la gari lenyewe. Kwenye L24 kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya ekzosi, na bomba la petroli linapita hapo hapo, kwa hiyo injini ikizimwa ikiwa moto petroli huchemka ndani ya bomba. Nilifungua boneti, nikasubiri ipoe, ikawaka. Tangu hapo nimelifunika bomba hilo kwa kitambaa cha kuzuia joto, nimefunga ngao ya bati kati ya ekzosi na kabureta, na nimeizoea tabia ya kutozima injini kwenye foleni fupi. Tatizo limepungua sana, halijaondoka lote.

Nikitoka Paje au Nungwi naosha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hasa ndani ya matao ya magurudumu, na kila kabla ya masika nafungua ile grili ya chini ya kioo na kutoa majani. Kazi inayonikabili sasa ni raba ya mbele ya difu, ambayo imeachana na bati lake, na difu huligonga gari chini kila nikiachia klachi kwa haraka. Raba mpya iko Dar es Salaam ikingoja mtu wa kuja nayo, na nati zake mbili za chini nimekwisha kuanza kuzipaka oili jioni.